Mama kijacho na mizani: jinsi ya kuongezeka kilo zinazotakiwa bila kujinyima na bila kufumuka

Mimba yangu ya kwanza nilianza nikiwa na kilo 58, nikaenda kujifungua nikiwa na 81. Piga hesabu mwenyewe, kilo 23. Kila mtu alikua ananiambia kula mama, sahivi mko wawili, na mi nikatii kama mtoto wa shule, sahani inajaa, inaisha, inajaa tena, alafu saa nane usiku naamka kutafuta mkate. Mtoto akazaliwa na kilo 3.4. Hizo zingine zilikua zangu mwenyewe, na 11 kati yake ziligoma kabisa kutoka, kwahiyo mimba ya pili nikaianza na 69 na magoti yanalia.

Hiyo ya pili ndo ilinilazimisha nijifunze hii kitu taratibu na nikamaliza nikiwa nimeongezeka kilo 10 tu, na nilikua nakula nashiba kila siku, sikulala njaa hata siku moja. Nilichogundua ni kwamba tunaangalia kilo za mwisho wakati mchezo wote uko kwenye mwendo wa wiki kwa wiki, na mwendo wako unategemea ulianzia wapi. Ukijua hivyo viwili chakula na mazoezi vinakua rahisi kupanga.

Angalizo kabla hatujaanza, haya ninayoandika ni kwa mimba inayoenda kawaida. Kama una presha, sukari, ulishawahi kupoteza mimba, mlango wa kizazi umelegea au kondo la nyuma limekaa chini, basi daktari wako ndo mwenye kauli, kwangu pita tu usome alafu umuulize yeye.

HATUA YA 1: Tafuta uzito wako wa kabla ya mimba

Sio uzito wa leo, wa kabla. Kama hukujipima (wengi hatujipimi), chukua ule uliopimwa kliniki siku ya kwanza, kama ulienda mapema ndani ya wiki 10 au 12 hautakua mbali sana na ukweli. Ndo maana nasema kliniki nenda mapema, usisubiri tumbo lionekane.

Alafu pima kimo chako. Sasa chukua kilo gawanya kwa kimo cha mita mara kimo. Mfano mimi nina mita 1.60, mara yenyewe ni 2.56. Kilo 58 gawa kwa 2.56 unapata 22.7. Mimba ya pili kilo 69 gawa kwa 2.56 unapata karibu 27. Hiyo namba ndo inaitwa BMI, nesi akiisema usishtuke. Ina mapungufu yake, haijui kama uzito wako ni misuli au mafuta, ila kwa kazi hii inatosha.

HATUA YA 2: Jua kundi lako

Viwango vinavyotumika sana vilitolewa mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya Marekani na mpaka leo madaktari wengi wanavifuata. Viko hivi kwa mimba ya mtoto mmoja:

- BMI chini ya 18.5 (mwembamba): ongezeka kilo 12.5 hadi 18
- 18.5 hadi 24.9 (uzito wa kawaida): kilo 11.5 hadi 16
- 25 hadi 29.9 (uzito umezidi): kilo 7 hadi 11.5
- 30 na kuendelea (unene): kilo 5 hadi 9

Mapacha hesabu yake ni nyingine, mwenye uzito wa kawaida anaruhusiwa kilo 17 hadi 25, aliyezidi 14 hadi 23, na mwenye unene 11 hadi 19.

Ona sasa, mimi yuleyule mmoja, mimba ya kwanza nilitakiwa niishie 16, ya pili niishie 11.5. Ndo maana kujilinganisha na shoga yako ni kujitesa bure. Mi nilikua na rafiki tumepishana mimba wiki mbili, yeye mwembamba kama uzi, nesi anamwambia ongeza kula, mi naambiwa punguza soda, na wote wawili tuko sahihi kwenye njia zetu.

Na kuna watu wanauliza hizo kilo zote zinakaa wapi kama mtoto ni kilo 3 na kidogo. Haya nikupe mgawanyo wake kwa makadirio: mtoto kama kilo 3.4, kondo la nyuma 0.7, maji ya chupa ya uzazi yanayomzunguka mtoto 0.8, kizazi chenyewe kinakua na kuongeza kama kilo 1, matiti nusu kilo, damu iliyoongezeka 1.5, maji mengine ya mwilini 1.5, na akiba ya mafuta kilo 3 hivi ambayo mwili unaiweka kwa ajili ya kunyonyesha. Jumla inakaribia 12 na nusu. Kwahiyo hata ukiwa makini kiasi gani mizani lazima ipande, usije ukaogopa ukaanza kujinyima. Kufanya dayati ya kupungua ukiwa mjamzito ni hapana, hata kama ulianza ukiwa mnene. Kilo zikiwa chache mno mtoto yuko kwenye hatari ya kuzaliwa njiti au na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5. Zikizidi mno nazo kuna mtoto kuwa mkubwa, kujifungua kwa upasuaji, na wewe kubaki na mzigo kama mimi.

HATUA YA 3: Igawe kwa wiki

Miezi mitatu ya kwanza yote kwa pamoja unatakiwa uongezeke nusu kilo hadi kilo 2 tu. Wengine hawaongezeki kabisa sababu ya kutapika na wengine wanapungua kidogo, mara nyingi sio shida. Ukishaona umepanda kilo 6 na bado uko wiki ya 12 basi jua ni msosi huo, mtoto wa wiki 12 hana hata gramu mia.

Kuanzia hapo unaenda kwa wiki. Mwembamba kama nusu kilo kwa wiki, mwenye uzito wa kawaida kama gramu 400, aliyezidi kama gramu 280, mwenye unene kama gramu 220. Tuchukue mfano wa mwenye uzito wa kawaida, amepanda kilo 1 na nusu mpaka wiki ya 13, zimebaki wiki 27, mara gramu 400 ni kilo 10.8, jumla 12.3. Yuko ndani kabisa.

Hii hesabu inasaidia kwasababu ukipitiliza unajua mapema, wiki ya 20 unarekebisha kidogokidogo. Mi mimba ya kwanza nilishtuka wiki ya 34, na wiki ya 34 we utarekebisha nini na mtoto ndo anakua kwa kasi.

HATUA YA 4: Pima mara moja kwa wiki, basi

Siku ileile, asubuhi, umeshakojoa, hujala, nguo nyepesi, mizani ileile. Andika kwenye daftari au kwenye simu na wiki ya mimba pembeni. Usipime kila siku, utachanganyikiwa, maji tu yanaweza kukupandisha kilo nzima ukala chumvi jana yake na kesho ikashuka. Wiki moja ikipanda sana na nyingine isipande sio ishu, angalia wiki tatu nne zinaelekea wapi.

Kama wewe ni mtu ambaye mizani inakuvuruga akili, ulishawahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, acha kujipima nyumbani kabisa, pimwa kliniki na uwaambie wasikutajie namba kama hutaki kusikia. Wala sio aibu.

HATUA YA 5: Chakula, hapa tukae kidogo

Kwanza tulimalize hili la kula kwa ajili ya wawili. Miezi mitatu ya kwanza nyongeza unayohitaji ni sifuri. Ndio, sifuri, unakula kama ulivyokua unakula. Miezi mitatu ya katikati ni kama kalori 340 zaidi kwa siku, na ya mwisho kama 450. Kalori 340 ni nini? Ni glasi ya maziwa, ndizi mbivu moja na kiganja kidogo cha karanga, hapo umeshapita kidogo. Ya mwisho ongeza yai la kuchemsha. Imeisha. Sahani ya pili ya wali haimo kwenye hesabu hii. Kama ulianza ukiwa umezidi uzito nyongeza inaweza kuwa ndogo zaidi ya hapo, ongea na mtu wa lishe kliniki.

Kwahiyo swali kubwa linakua UNAONGEZA NINI maana nafasi yenyewe ni ndogo. Mtoto anahitaji protini, madini chuma, foliki, kalsiamu, madini joto, na soda haina hata kimoja. Mkebe wa soda wa mililita 330 una sukari vijiko vya chai kama 8 au 9, kalori kama 140, ukinywa miwili umeshamaliza karibu nyongeza yako yote na mtoto hajapata kitu. Juisi nayo, hata ile ya kukamua mwenyewe, ukikamua machungwa manne ukanywa kwa sekunde kumi sio sawa na kukaa ukala chungwa moja ukatafuna. Mi nilikua nakunywa juisi jagi zima nikijiona mama wa afya. Ukiacha vinywaji vya sukari peke yake bila kubadilisha kitu kingine chochote unaweza kuona mizani inatulia, kama una nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu basi badilisha hicho.

Sahani yako igawe kwa macho. Nusu mboga za majani na mboga nyingine pamoja na tunda pembeni, robo protini kama maharage, dengu, samaki, nyama, kuku, mayai, na robo iliyobaki wanga. Ukiweza chagua wanga ambao haujakobolewa, unashibisha muda mrefu na unasaidia choo, na choo kigumu kwenye mimba kila mtu atakusimulia. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa, kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120 na mkono ukiteleza ni vitatu.

Kula kidogo mara nyingi, milo mitatu midogo na vitafunwa viwili au vitatu katikati, hii inasaidia kila kitu kwa mpigo. Miezi ya mwanzo tumbo likiwa tupu kichefuchefu kinazidi, miezi ya mwisho mtoto amesukuma tumbo juu, ukila sahani kubwa kiungulia kinakupandisha mpaka kooni. Na ukikaa na njaa masaa sita utakachokipata mbele yako utakifagia chote, hapo hakuna cha nidhamu.

Kama unatapika: weka mkate mkavu au biskuti isiyo na sukari nyingi karibu na kitanda, kula kabla hujanyanyuka. Usinywe maji mengi pamoja na chakula, kunywa katikati ya milo kwa mikupuo midogo. Tangawizi inawasaidia baadhi. Kipindi hiki kula kile kinachokaa tumboni, mambo ya sahani ya robo na nusu yatakuja baadae. Lakini ukishindwa kubakiza hata maji siku nzima, mkojo ukawa wa rangi nzito, au umepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako (kilo 3 kwa mtu wa kilo 60) nenda hospitali, huko ni kutapika kunakohitaji dripu, usijikaze.

Hamu za ajabuajabu. Hamu ya chokoleti saa tano usiku, sawa, kula vipande viwili, weka pakti mbali, lala. Kujikataza kabisa mimi kulinifanya nile pakti nzima kesho yake. Ila hamu ya kula udongo, mkaa au barafu nyingi hiyo nenda kaiseme kliniki, mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, na udongo unaweza kuwa na minyoo na vitu vya sumu kama madini ya risasi.

Vidonge vya kliniki: Shirika la Afya Duniani linashauri kila siku madini chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi mikrogramu 400. Meza. Najua vinafunga choo na choo kinakua cheusi, huo weusi ni kawaida. Meza na kitu chenye vitamini C kama chungwa, na usishushie na chai, kahawa wala maziwa maana vinazuia chuma kuingia mwilini, acha ipite kama saa moja au mbili. Na vidonge vya madini chuma havinenepeshi jamani, wapo wanaovitupa kwa sababu hiyo. Kinachotokea ni kichefuchefu kimeisha na damu imepanda, hamu ya kula inarudi, basi.

Maji kunywa, mkojo ukiwa wa njano iliyofifia uko sawa.

HATUA YA 6: Vya kuacha, haraka haraka

Pombe yote, hakuna kiasi kilichothibitika kuwa salama. Kahawa usizidishe kafeini miligramu 200 kwa siku, ni kama kikombe kimoja kikubwa au viwili vidogo, na kumbuka chai na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini. Maziwa mabichi yasiyochemshwa, nyama isiyoiva, mayai mabichi, achana navyo. Samaki wakubwa wanaokula wenzao kama papa wana zebaki nyingi, wadogo wadogo ndo wazuri, kula mara mbili tatu kwa wiki. Maini yana vitamini A nyingi sana na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto hasa miezi ya mwanzo, usiyafanye chakula cha kila siku hata kama umeambiwa yanaongeza damu. Chai na vidonge vya kupunguza tumbo au kukata hamu ya kula, hata usivisogelee.

HATUA YA 7: Mazoezi

Watu wanadhani mimba ni kulala. Kama daktari hajakukataza, lengo ni dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa mara tano. Faida yake inaenda mbali kuliko kilo, yanapunguza hatari ya sukari ya mimba, mgongo unauma kidogo, usingizi unakuja, choo kinalainika, na akili inapumua.

Kama ulikua hufanyi chochote anza na dakika 10 za kutembea baada ya kula. Ndio kumi tu. Wiki inayofuata 15, alafu 20, mpaka ufike 30. Kama ulikua mkimbiaji au mtu wa jimu sio lazima uache, ongea na mkunga, punguza kadri tumbo linavyokua.

Utajuaje kama ni wastani? Jaribu kuongea. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, umepatia. Ukihema mpaka maneno yanakatika, punguza. Hakuna haja ya saa ya kupima mapigo.

Wiki yangu ilikua hivi, ichukue ubadilishe unavyotaka:

Kutembea haraka nusu saa siku tatu, mara nyingi nilikua nagawa robo saa asubuhi robo jioni. Siku mbili mazoezi ya nguvu nyumbani, kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono mara 10, kupiga magoti na mikono chini kama unadeki kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto alafu kubadilisha mara 8 kila upande, napumzika narudia mzunguko mara mbili au tatu. Ukipata sehemu ya kuogelea ogelea, tumbo linakua jepesi kwenye maji ni raha isiyoelezeka, mi miezi ya mwisho nilikua sitaki kutoka.

Alafu mazoezi ya nyonga kila siku. Bana ile misuli ya chini kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia sekunde 5, achia sekunde 5, rudia mara 10, fanya mara tatu kwa siku. Hata ukiwa kwenye foleni hakuna atakayejua. Usifanye wakati unakojoa kweli. Mazoezi haya mimba ya kwanza niliyapuuza na baada ya kujifungua nilikua nikipiga chafya naombea mkojo usinitoke.

Vya kuepuka: michezo ya kupigana au kugongana, vitu vya kuanguka kama farasi, kupiga mbizi kwa mtungi, mazoezi ya sehemu yenye joto kali. Baada ya wiki ya 20 hivi usifanye mazoezi ya kulala chali muda mrefu, kizazi kinabana mshipa mkubwa wa damu unaona kizunguzungu. Beba maji, kula kitu kidogo kabla, vaa sidiria inayoshika vizuri. Na miguu isiyo na viatu vya maana usiipeleke mbali, viungo vinalegea kwenye mimba, ni rahisi kuteguka.

Acha mazoezi hapohapo na utafute msaada ukiona damu ukeni, maji yanatoka, maumivu ya kifua, unaishiwa pumzi hata kabla hujaanza, kizunguzungu, kichwa kinauma sana, tumbo linabana na kuachia kwa mpangilio, au kigimbi cha mguu mmoja kinauma na kuvimba.

Na kazi za nyumbani je? Kufua, kudeki, kupanda ngazi, vyote vinahesabika kama mwili umepata joto na pumzi zimeongezeka. Kusimama jikoni masaa matatu hakuhesabiki, huko ni kuvimba miguu tu.

HATUA YA 8: Mizani ikileta vituko

Ikipanda kuliko mwendo wako wiki tatu nne mfululizo: usiruke mlo. Angalia vinywaji kwanza, alafu vya kukaanga, alafu vile unavyokula huku unaangalia simu. Andika kila kitu kinachoingia mdomoni siku tatu tu, utajiona mwenyewe. Mi niligundua ninamalizia sahani ya mtoto wangu wa kwanza kila siku, yaani nilikua na mlo wa nne ambao siujui. Ongeza dakika 10 za kutembea. Lengo ni mwendo upungue, kilo zilizoingia ziache zilivyo.

Isipopanda: ongeza vitu vidogo vyenye nguvu, karanga au siagi ya karanga kwenye mkate, parachichi, maziwa kwenye uji, yai, kijiko cha mafuta kwenye mboga. Kula kitu kabla ya kulala. Na useme kliniki wapime damu na waangalie ukuaji wa mtoto, wakati mwingine mama hapandi sana na mtoto yuko vizuri tu, ila hilo waseme wao.

Ikiruka ghafla, zaidi ya kilo moja ndani ya wiki na hujabadilisha chochote, hasa baada ya wiki ya 20, hapo usilaumu msosi. Inaweza kuwa maji yanajaa mwilini, na ikija pamoja na uso au mikono kuvimba, kichwa kuuma kusikoisha, kuona maruweruwe, au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyohiyo wapime presha na mkojo. Ni dalili za ugonjwa unaoweza kuleta kifafa cha mimba, na huwa hausubiri tarehe ya kliniki. Miguu kuvimba kidogo jioni peke yake ni kawaida kwa wengi.

Kipimo cha sukari ya mimba kinafanyika kati ya wiki ya 24 na 28, usikikwepe hata kama wewe mwembamba, hii sukari haichagui wanene tu. Ukikutwa nayo mengi ya hapa juu yanabaki vilevile ila watakupangia wanga kwa mlo.

Wiki za mwisho, 37 kwenda mbele, wengi wanaona mizani inasimama au inashuka kidogo. Usianze kula kwa hofu. Unachotakiwa kukifuatilia sana hapo ni mtoto kucheza, akipunguza kucheza kuliko alivyozoea nenda saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Ukishajifungua zinaondoka kama kilo 5 palepale, mtoto, kondo, maji na damu, alafu wiki ya kwanza na ya pili utakojoa na kutoka jasho mpaka ushangae, nayo ni maji yanayotoka. Zinazobaki ni ile akiba, ipe miezi sita mpaka mwaka. Kutembea taratibu na yale mazoezi ya nyonga unaweza kuanza siku chache tu baada ya kujifungua kawaida ukijisikia vizuri, ila kuruka, kukimbia na ya tumbo subiri ukaguliwe kwenye kliniki ya wiki ya sita, na kama ulipasuliwa usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako mpaka wakuruhusu.